Leseni ya C1 Uingereza: mwongozo kamili kwa anayetaka kuendesha gari-nyumba kubwa

Kila msimu wa joto unapokaribia, ujumbe ninaopokea hufanana. Mmoja amenunua gari-nyumba, hili ambalo wauzaji huliita motohomu. Amelipa, amelifikisha nyumbani, halafu kampuni ya bima imemwuliza ana leseni ya daraja gani. Sasa gari limelala uani. Mwingine fomu yake ya daktari imerudishwa mara ya pili. Wa tatu ameanguka sehemu ya video ya mtihani wa nadharia, ilhali ameendesha gari miaka kumi na mitano bila ajali.

Makosa haya yanajirudia mno, na karibu yote yanatokana na kuanza katikati. Mwongozo huu wa C1, yaani leseni ya magari ya kilo 3,500 hadi 7,500, unaanza mwanzo. Unahusu England, Scotland na Wales. Ireland ya Kaskazini ina ofisi yake ya leseni na fomu zake.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Leseni kamili ya Uingereza ya gari dogo, yaani daraja B. Bila hiyo huwezi kuomba C1.
- Umri wa miaka 18 au zaidi.
- Fomu mbili za DVLA, wakala wa leseni: D2 ya maombi na D4 ya daktari. Zinaagizwa bure kwenye tovuti ya serikali na kuletwa kwa posta.
- Miwani yako ikiwa unavaa, pamoja na karatasi ya vipimo vyake.
- Orodha ya dawa unazotumia, na majina na anwani za zahanati na madaktari bingwa wanaokuhudumia.
- Fedha. Ada za serikali ni paundi 26 kwa maswali ya nadharia, paundi 11 kwa video za kutambua hatari barabarani, na paundi 115 kwa mtihani wa barabarani siku za kazi (paundi 141 jioni na mwisho wa wiki). Ada ya daktari na ya mtihani wa yadi (ule wa kurudi rivasi uwanjani) hupangwa na watoa huduma wenyewe. Ukijumlisha mafunzo ya lori, andaa zaidi ya paundi 1,000.
- Miezi kadhaa. Ukitaka kusafiri Julai, usianze Mei.

Kama huendeshi kwa ujira, huhitaji cheti cha udereva wa kazi kinachoitwa Driver CPC. Kuna wauza mafunzo wanaokiweka ndani ya kifurushi kimyakimya. Waambie tangu mwanzo kwamba unataka C1 ya matumizi binafsi, usilipie moduli 2 na 4, ambazo ni mitihani ya cheti hicho na hazikuhusu.

## Hatua ya 1: Soma sahani ya uzito, usisome tangazo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Sheria haiangalii urefu wa gari, wala vitanda vyake, wala uzito wake siku hiyo. Inaangalia uzito wa juu kabisa ambao gari limeruhusiwa kufikia likiwa na mzigo, watu, maji na mafuta. Daraja B linaishia kilo 3,500. Kuanzia hapo hadi kilo 7,500 ni C1. Zaidi ya 7,500 ni daraja C kamili, lile la malori makubwa.

Tafuta kibati kilichopigiliwa chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kwa kawaida kina namba nne zilizopangwa kutoka juu kwenda chini:

1. Uzito wa juu wa gari lenyewe. Hii ndiyo namba yako.
2. Uzito wa juu wa gari pamoja na trela.
3. Uzito wa juu wa ekseli ya mbele.
4. Uzito wa juu wa ekseli ya nyuma.

Watu huchanganya ya kwanza na ya pili, wakaogopa bure au wakajiamini bure. Jambo jingine la kuangalia: magari-nyumba mengi hutengenezwa na kampuni mbili, moja ya injini na fremu, nyingine ya nyumba. Ukikuta vibati viwili, kinachohesabika ni cha hatua ya mwisho ya utengenezaji. Kilinganishe na kadi ya usajili, V5C, na zikitofautiana usilipe mpaka muuzaji akueleze kwa maandishi.

Gari lenye kibati cha kilo 3,850 linahitaji C1 hata likiwa tupu na mizani ikisoma 3,200. Ukiliendesha kwa B unakuwa nje ya masharti ya leseni, na bima inaweza kukukataa. Kuendesha bila bima ni faini ya paundi 300 na pointi 6 kwenye leseni, hapo hatujasema lolote kuhusu ajali na mtu aliyeumia.

### "Si nishushe tu uzito kwenye karatasi?"

Inawezekana. Gari la kilo 3,850 linaweza kusajiliwa upya kama la 3,500, na ukaliendesha kwa B. Kabla hujafanya hivyo, chukua kalamu. Tuseme gari tupu ni kilo 3,150. Umebakiwa na 350. Watu wanne, kwa makadirio ya chini, ni kilo 280. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100. Umeshazidi kwa kilo 30 na hujapakia sufuria, mtungi wa gesi wala baiskeli ya mtoto.

Kwa wazee wawili wanaosafiri na mabegi mawili, kushusha uzito ni uamuzi wa busara. Kwa familia yenye watoto naona ni kujitafutia faini ya kuzidisha mzigo, na breki zilizoelemewa kwenye mteremko.

Umefaulu hatua hii ukiwa na picha ya kibati kwenye simu na unajua namba yake ya kwanza kwa kichwa.

## Hatua ya 2: Geuza leseni yako, angalia upande wa nyuma

Safu ya 9 huonyesha madaraja, ya 11 tarehe ya mwisho ya kila daraja, na ya 12 huwa na namba za masharti. Tafuta C1.

Aliyefaulu mtihani wa gari dogo Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida anayo C1 tayari, bila mtihani wa ziada, mpaka atimize miaka 70. Baada ya hapo huibakiza kwa kupimwa na daktari. Aliyefaulu tarehe hiyo au baadaye hana, na mwongozo huu ni wake.

Sisi wa Afrika Mashariki tunajikwaa hapa. "Nilipata leseni Mombasa mwaka 1992, kwa hiyo ninayo C1." Hapana. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zao hubadilishwa Uingereza. Leseni ya nyumbani inakuruhusu kuendesha gari dogo kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi huku, kisha lazima uwe na leseni ya huku kwa kufanya mtihani wa huku. Tarehe inayohesabiwa ni ya mtihani huo. Hata aliyeendesha semitrela kutoka Dar es Salaam hadi Lubumbashi miaka ishirini anaanzia B kama mwingine yeyote. Inauma, najua, lakini ustadi ule utakulipa kwenye yadi.

Usidanganywe na herufi pia. Kwenye leseni ya Tanzania, C na vijukuu vyake ni madaraja ya magari ya abiria, na gari dogo ni D. Uingereza C ni malori na D ni mabasi. Ukijaza fomu kwa mazoea ya nyumbani utaomba kitu kingine kabisa.

Kuna upenyo mmoja: tangu Juni 2025 mwenye B anaweza kuendesha gari lisilotoa moshi, kama la umeme, hadi kilo 4,250. Lakini magari-nyumba mengi yaliyoko sokoni ni ya dizeli, kwa hiyo wengi wetu haitusaidii.

Umefaulu hatua hii ukijua kwa uhakika kwamba C1 huna, au kwamba unayo na tarehe yake haijapita.

## Hatua ya 3: Fomu D2 na D4, pale watu wanapopoteza miezi

C1 hupimwa kwa viwango vya afya vya madereva wa malori, vikali kuliko vya gari dogo. Sababu ni ya haki: dereva akizimia ndani ya tani nne na nusu, anayeumia mara nyingi si yeye.

### Nani ajaze nini

D2 unajaza mwenyewe. D4 inajazwa na daktari, na sehemu ya macho inaweza kujazwa na mpimaji wa duka la miwani daktari asipokuwa na vifaa. Si lazima awe daktari wa zahanati yako. Daktari yeyote aliyesajiliwa na baraza la madaktari la Uingereza anaruhusiwa. Zahanati nyingi hutoza ghali kwa kazi hii, na zipo huduma binafsi zinazofanya D4 pekee kwa bei nafuu zaidi. Hatari yake ni kwamba daktari wa huduma hizo hakujui. Nenda na muhtasari wa historia yako ya afya, uuombe zahanati siku chache kabla.

### Viwango vinavyowashangaza wengi

Jicho bora lazima lifikie 6/7.5 kwenye ubao wa herufi, na jicho dhaifu angalau 6/60. Miwani inaruhusiwa, ila nguvu ya lenzi isizidi +8. Nenda kwa mpimaji wa miwani kwanza, kabla ya daktari. Mtu aliyepewa miwani miaka minne iliyopita anaweza kuanguka hapa akiwa na macho ambayo yangefaulu kwa miwani mpya.

Shinikizo la damu likikaa kwenye 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 100 au zaidi kwa namba ya chini, huruhusiwi kuendesha daraja hili mpaka lishuke. Wengi wetu tunaishi na presha bila kupima. Pima mapema kwenye duka la dawa. Ikiwa iko juu, tibiwa kwanza ndipo ulipe daktari wa D4.

Kisukari cha sindano hakikufungii mlango moja kwa moja, lakini utatakiwa kuonyesha rekodi za sukari na kwamba unatambua dalili inaposhuka. Usifiche chochote. Kuficha ugonjwa kwenye fomu hii ni kosa la jinai.

### Kwa nini fomu hurudishwa

Yangu ilirudishwa. Daktari aliruka kisanduku kimoja kwenye ukurasa wa macho, nami sikuangalia, nikapoteza wiki kadhaa. Tangu siku ile namwambia kila anayeniuliza: usitoke chumba cha daktari kabla ya kupitia haya, fomu ikiwa mkononi.

- Kila swali lina alama ya ndiyo au hapana. Pasiwe na lililoachwa tupu.
- Vipimo vya macho vimeandikwa kwa namba, sio "nzuri" au "sawa".
- Kama unavaa miwani, nguvu ya lenzi imeandikwa.
- Sahihi, tarehe, muhuri na namba ya usajili ya daktari vipo. Mpimaji wa macho naye asaini sehemu yake.
- Jina lako na tarehe ya kuzaliwa vinalingana na leseni, herufi kwa herufi. Wenye majina matatu, au jina la baba lililoandikwa namna mbili, waangalie mara mbili.
- Wewe mwenyewe umesaini tamko lako.

D4 lazima ifike DVLA ndani ya miezi minne tangu daktari aliposaini. Piga picha kurasa zote, kisha tuma D2, D4 na leseni yako kwa posta yenye namba ya kufuatilia kwenda Swansea. Kuongezewa ruhusa ya kujifunza lori hakuna ada. Andika namba ya leseni mahali kabla ya kutuma, maana utaihitaji kukata nafasi ya mtihani.

Umefaulu hatua hii leseni inaporudi na ruhusa ya kujifunza C1 ipo kwenye rekodi yako. Ithibitishe kwenye huduma ya mtandaoni ya DVLA.

## Hatua ya 4: Mtihani wa nadharia

Una sehemu mbili, unaweza kuzifanya siku moja au tofauti. Zote ni kwa Kiingereza. Wakalimani na sauti za lugha za kigeni viliondolewa mwaka 2014, kwa hiyo ukisoma Kiingereza polepole, jipe muda zaidi wa maandalizi.

Maswali ya kuchagua (1a). Maswali 100, saa moja na dakika 55, kufaulu ni 85. Hutaulizwa alama za barabarani peke yake. Yamo maswali ya kufunga mzigo, breki za hewa, urefu wa madaraja na saa za dereva wa kazi. "Lakini mimi nitaendesha gari-nyumba tu!" Mtihani ni uleule. Nunua kitabu rasmi cha maswali ya malori, na uhakikishe sio kile cha magari madogo.

Video za hatari (1b). Video 19 zenye hatari 20, kila moja ina alama 5, kufaulu ni 67 kati ya 100. Ni sehemu hii iliyoniangusha mimi mara ya kwanza, na huwaangusha hata madereva wazoefu.

Sababu ni hii. Dereva mzoefu huona hatari mapema mno. Anamwona mtoto kando ya barabara na kubofya papo hapo, kabla mtoto hajaanza kusogea. Kompyuta huhesabu kuanzia hatari inapoanza *kukua*, yaani pale ambapo ungelazimika kupunguza mwendo au kubadili njia. Bofyo lako la mapema halipati kitu, na wewe umeshahamisha macho.

Dawa yake ni kubofya mara mbili hadi tatu kwa kila hatari: unapoihisi, inapoanza kusogea, na inapokuwa dhahiri. Usibofye kwa mapigo kama ngoma. Mfumo ukiona mpangilio au mibofyo mfululizo hukupa sifuri kwa video nzima. Fanya mazoezi ya video rasmi angalau wiki mbili, dakika ishirini kila siku. Kukaa saa tano usiku wa kuamkia mtihani hakusaidii.

Lazima ufaulu sehemu zote mbili ndani ya miaka miwili.

Umefaulu hatua hii ukiwa na cheti cha nadharia, na umeandika kwenye kalenda tarehe kinapoisha.

## Hatua ya 5: Chagua shule, na ujue utafanyia mtihani gari gani

Swali ninaloulizwa sana: naweza kufanyia mtihani gari-nyumba langu? Kwa vitendo, hapana. Gari la mtihani wa C1 lazima liwe lori lenye uzito wa juu wa angalau tani 4, urefu wa angalau mita 5, breki za ABS (zinazozuia magurudumu kujifunga), takografu (kifaa kinachorekodi mwendo na saa za dereva), na sanduku la mzigo lililofungwa lenye upana na kimo kama cha kabini. Gari-nyumba lako la kawaida halina takografu wala sanduku hilo.

Shule itakupa lori. Kabla ya kulipa, uliza:

- Gari mtakalonifundishia ndilo nitakalofanyia mtihani?
- Bei ina ada za mtihani ndani yake, au ni mafunzo tu?
- Nikianguka, kurudia mtihani na kukodi lori tena ni kiasi gani?
- Ni wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Ukigawana lori na mwenzako, nusu ya siku unakaa abiria.

Lori la otomatiki lisikutishe. Kama leseni yako ya B ulifaulia gari la gia, kufaulu C1 kwa otomatiki bado hukupa haki ya kuendesha ya gia. Chagua otomatiki, uweke akili kwenye vioo badala ya klachi.

Kama unapanga kuvuta gari dogo nyuma ya gari-nyumba, fahamu kwamba C1 huruhusu trela ya hadi kilo 750 tu. Zaidi ya hapo ni C1E, daraja la C1 pamoja na trela nzito. Tangu Novemba 2021 unaweza kwenda C1E moja kwa moja bila kupitia C1, ukaokoa mtihani mmoja.

Kwa dereva mzoefu wa gari dogo, siku tatu au nne za lori mara nyingi hutosha. Usikubali siku moja kwa sababu ni rahisi mfukoni.

## Hatua ya 6: Yadi na rivasi ya herufi S

Moduli 3a, sehemu ya kwanza ya mtihani wa vitendo, hufanyika uwanjani. Kazi yako kuu ni kurudi rivasi kwa njia ya herufi S, kuzunguka koni, na kusimamisha mkia wa lori ndani ya kisanduku kilichochorwa.

Tatizo la wengi ni haraka. Lori likienda polepole kama mtu anayetembea na mtoto mkononi, unapata muda wa kurekebisha. Likienda kasi, usukani wako daima umechelewa.

1. Kabla ya kuanza, rekebisha vioo vyote uone tairi la nyuma na ardhi iliyo kando yake.
2. Chagua koni unayoizunguka na uifuate kwa kioo cha upande huo, lakini tupia jicho kioo cha pili kila sekunde chache. Pua ya lori hufagia upande wa pili wakati mkia unaingia, na hapo ndipo mistari hukanyagwa.
3. Mkia ukishapita koni, nyoosha usukani mapema kuliko unavyodhani.
4. Ukiona umepotea, simama. Kanuni zinaruhusu kusogea mbele kurekebisha na kushuka kuangalia, kwa mipaka ambayo mwalimu atakutajia. Zitumie. Kushuka kuangalia si aibu. Dereva asiyeshuka ndiye anayegonga.
5. Mita za mwisho, pumua, angalia vioo vyote viwili, sogea kwa sentimita.

Umefaulu hatua hii ukiweza kurudia zoezi mara tatu mfululizo bila mwalimu kusema neno. Mara moja inaweza kuwa bahati.

## Hatua ya 7: Mtihani wa barabarani

Moduli 3b huchukua takribani saa moja ya kuendesha. Unaruhusiwa makosa madogo hadi 15. Kosa moja kubwa au la hatari linakuangusha papo hapo, ingawa mtahini ataendelea nawe hadi mwisho.

Utaulizwa maswali ya usalama wa gari: utaangaliaje mafuta ya injini, utajuaje breki za hewa zinavuja, nati za magurudumu zikoje. Kumbuka kashata za tairi: kwa lori linalozidi kilo 3,500 kiwango cha chini kisheria ni milimita 1, tofauti na 1.6 ya gari dogo.

Njiani, mambo matatu huwaangusha watu wetu zaidi.

Vipilefti. Wanaingia kwenye leni sahihi kisha mkia unakata ndani ya leni ya jirani. Angalia kioo cha ndani ya kona wakati unazunguka, sio kabla tu. Lori likiwa haliwezi kubaki kwenye leni yake, lichukue nafasi linayohitaji waziwazi na mapema, huku indiketa ikisema.

Kona za kushoto mjini. Gurudumu la nyuma hukata kona kuliko la mbele. Endelea mbele kuliko ulivyozoea, ndipo ukunje. Gurudumu likipanda njia ya waenda kwa miguu, mtihani unaweza kuishia hapo.

Woga. Dereva wa gari dogo akikaa juu ya lori huenda maili 25 pale pa 40. Kusuasua bila sababu huandikwa kosa. Kama barabara iko wazi na salama, nenda.

Kipo pia kipande cha kama dakika kumi ambapo unafuata vibao peke yako bila maelekezo. Ukipotea njia si kosa, mradi umepotea kwa usalama. Usikate leni dakika ya mwisho ili kuirudia.

Nenda na leseni ya kadi. Ukiisahau, mtihani unafutwa na ada inapotea.

Umefaulu hatua hii mtahini anapokukabidhi cheti. Ukishakipata, unaruhusiwa kuendesha siku hiyohiyo, na C1 itaongezwa kwenye leseni yako.

## Hatua ya 8: Kabla ya safari ya kwanza

Piga simu ya bima, uwaambie umepata C1 na uwatajie uzito wa kibati. Omba uthibitisho kwa maandishi.

Jifunze mwendo mpya. Gari-nyumba lenye uzito wa tupu unaozidi tani 3.05 lina mipaka yake: maili 50 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati, 60 kwenye iliyogawanywa, na 70 kwenye barabara kuu za kasi. Gari dogo lingeruhusiwa 60 na 70 kwenye zile mbili za kwanza, kwa hiyo foleni itajikusanya nyuma yako. Iache. Ukipata pa kusimama salama, wapishe. Ukiingia Wales, kumbuka kwamba tangu Septemba 2023 barabara nyingi za makazi ni maili 20.

Lipeleke gari kwenye mizani likiwa limejaa kama siku ya safari: familia nzima ndani, maji, gesi, viti vya nje. Pima gari zima, kisha kila ekseli peke yake. Mara nyingi jumla iko sawa lakini ekseli ya nyuma imezidi, kwa sababu baiskeli na stoo ya vitu viko nyuma ya magurudumu. Hamisha vitu vizito vikae katikati ya ekseli mbili.

Weka kwenye simu tarehe za kuhuisha C1. Utathibitisha hali yako ya afya kila miaka 5. Kuanzia miaka 45 utahitaji D4 mpya kila miaka 5, na kuanzia 65 kila mwaka. Ukiacha tarehe ipite, B inabaki hai lakini C1 imelala, na gari-nyumba linarudi kulala uani.

Mwisho, chukua futi kamba, pima kimo cha gari kuanzia ardhini hadi kitu cha juu kabisa, iwe ni kiyoyozi au dishi la setilaiti. Kiandike kwa mita na kwa futi, ukibandike kwenye dashibodi mbele ya macho yako, kwa sababu vibao vya madaraja ya chini havikupi muda wa kukumbuka.